Uno imeshindwa na mkanda wa tatu, nihamie bodi gani?

FundiLangoni
Masalkheri wakuu. Nimepewa kazi ya harusi hapa Lamu, nyumba ya mbele ya bahari. Mwenye harusi ataka ukuta wa nyumba na jahazi litakalotia nanga mbele yake viwake pamoja, rangi ikimbie kutoka darini hadi mlingotini matari yakipigwa.

Kwa sasa natumia Arduino Uno, bodi ndogo inayoendesha taa kwa programu, na mikanda miwili ya taa za rangi za WS2812B, kila mmoja mita 4, taa 60 kwa mita. Haijawahi kunisumbua. Juzi nikaongeza mkanda wa tatu. Programu ikakubali bila kunung'unika, nikaipakia, giza. Hata ile miwili ya zamani haikuwaka. Nimelehemu upya, nimebadilisha waya, nimebadilisha pawasaplai, usiku kucha mbu wanila. Nikirudisha idadi kwenye taa 480, zawaka. Na kazi yenyewe yataka mikanda mitano, minne ukutani na mmoja jahazini. Nasikia kuna bodi za Mega, ESP32, Pico, Teensy. Nani ametumia?

Mkomani_juu
Mega. Programu ni ile ile, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kilobaiti 8. Chomeka, lala.

SaburiMalindi
Fundi, mikanda yako mizima. Kilichojaa ni kichwa cha Uno. Kila taa yakula baiti 3, moja kwa kila rangi. Taa 480 ni baiti 1,440. Taa 720 ni 2,160, na Uno ina RAM ya baiti 2,048 tu, hapo programu yenyewe bado haijapata pa kukaa. Bila shaka maktaba unayotumia, yaani programu tayari ya kuendesha taa, huomba nafasi bodi ikishawaka, ndiyo maana kompyuta haikukuonya. Ikikosa nafasi hunyamaza tu.

Mega itakutoa hapo, simpingi Mkomani. Lakini mwendo ni ule ule, megahezi 16, na shida ya pili yabaki. WS2812B hupokea data kwa maikrosekunde 30 kwa kila taa, na kasi hiyo haibadiliki hata ukiwa na bodi ya dhahabu. Taa 1,200 kwenye waya mmoja ni milisekunde 36, yaani fremu (picha kamili za rangi) 27 kwa sekunde ukijitahidi sana. Tena muda wote huo Uno na Mega huzima masikio, ujumbe unaoingia hupotea. Sasa matari utayasikia saa ngapi?

Dawa ni kugawa: kila mkanda upate pini yake (mguu wa bodi wa kutolea data), data itumwe kwa zote kwa pamoja. Taa 240 humalizika kwa milisekunde 7 na kitu. Hapo ndipo ESP32 na Pico zinapoiacha Mega mbali. Teensy 4.1 ina megahezi 600 na hufanya haya kwa ulaini kabisa, ila haina waifai, na jahazi hutalifikia kwa waya.

BintiShela
Nimetumia zote mbili, ESP32 na Pico, kwenye taa za dari za nyumba ya wageni. Kwa usafi wa mwanga nampa Pico. Ina vijimashine vinane pembeni vya kusukuma data, kichwa chenyewe kiko huru, taa hazirukiruki. ESP32 ilinitesa mwanzoni: kila waifai ikishughulika, taa moja moja zamemeta kijani bila kuitwa. Ina viini viwili vya kufanyia hesabu; ilitulia nilipoiacha redio kwenye kimoja na taa kwenye cha pili.

Lakini kwa kazi yako, kaka, ningechukua ESP32. Pico ya kawaida haina redio, iliyo nayo ni Pico W, na ESP32 ina ESP-NOW: bodi mbili zazungumza zenyewe kwa zenyewe bila ruta. Nyumba zetu za matumbawe unazijua, ukuta mnene hivi, ruta iliyo chumbani haisikiki barazani.

Halafu jambo watu hulisahau. ESP32, Pico na Teensy zote hutoa data ya volti 3.3. Mkanda wa volti 5 wataka kama 3.5 ndipo uamini. Mezani utawaka, siku ya harusi utakugomea. Tia 74AHCT125 katikati, chipu ya kupandisha data hadi volti 5, na rezista ya omu 330 au 470 karibu na taa ya kwanza.

Mkomani_juu
Nyote mwasahau punda. Mwaka jana nilipitisha waya wa data juu ya kichochoro, punda akaja na mzigo wa makuti, akaondoka nao. Haya, redio ni sawa.

FundiLangoni
😂 Dada BintiShela, hizo rangi za fremu nzima zitapita hewani?

SaburiMalindi
Hazipiti. Pakiti ya ESP-NOW ya toleo la kwanza haizidi baiti 250, na fremu ya mkanda wako mmoja ni baiti 720. Usitume rangi, tuma saa: "tuko milisekunde fulani, mchoro namba fulani". Kila bodi ijichoree yenyewe. Pakiti ikipotea, jahazi laendelea na saa yake hadi ijayo ifike, hakuna atakayejua.

Na umeme je? Taa moja nyeupe kamili ni miliampea 60. Taa 1,200 ni ampea 72! Punguza mwanga uwe thuluthi, lisha kila mkanda ncha zote mbili, na weka fyuzi. Jahazini betri ya volti 12 na kibadilishi cha kushusha hadi 5.

FundiLangoni
Narudi na habari. ESP32 tatu zimefika, moja ya akiba. Ukutani mikanda minne yawaka kama maji. Jana jioni tulijaribu jahazini: mkanda wawaka, lakini uko nyuma ya ukuta, kisha waruka mbele, kisha wabaki nyuma tena. Nikailaumu programu saa nzima. Kumbe bodi nimeifungia ndani ya mkebe wa biskuti wa bati, kuikinga na chumvi, na bati limeziba redio. Nimeihamishia kwenye kopo la plastiki, mdomo nimeuziba kwa silikoni, sasa rangi yatoka darini yaingia mlingotini bila kusita.

Nahodha auliza kama mchoro wote waweza kuwa wa kijani peke yake. Nimemwambia aongee na mama wa bibi harusi.