Wakuu, chila inakata kwa presha ndogo ya oili, naombeni ushauri

Kijana wa Igogo: Habari za jioni wakuu. Niko Mwanza, nahudumia chila ya kupoza maji kwenye kiwanda kidogo cha minofu ya sangara. Kompresa ni ya pistoni, gesi R404A. Tangu Jumatatu, asubuhi ikiwaka haimalizi dakika mbili, swichi ya presha ya oili inakata. Nimeongeza oili lita mbili, bado. Kesho kuna mzigo unaingia. Nifungue pampu au nibadilishe kompresa nzima? Iliyotumika ipo Dar, nimeshaulizia bei.

Mzee wa Valvu: Presha umeipimaje? Geji ya pampu peke yake inadanganya. Kwenye namba yake, punguza presha ya tumboni mwa kompresa, pale oili inapokaa. Pampu ikisoma 75 na tumboni 60, presha yako halisi ni paundi 15 tu.

Dagaa Mkavu: Mafundi mnapenda kuongeza oili! Friza yangu ya Ukerewe fundi aliitia oili ya gari, nikazika friza na samaki wote. Mwogopeni Mungu.

Mzee wa Valvu: Kijana, kioo cha oili asubuhi kinaonyesha nini?

Kijana wa Igogo: Kimejaa juu kabisa. Ikiwaka linapanda povu jeupe, kama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni, geji inaporomoka. Mchana nikiiwasha mara nne tano inatulia.

Mzee wa Valvu: Usiku meni swichi mnazima?

Kijana wa Igogo: Tajiri anazima kila kitu saa 2 usiku, uniti za LUKU zinaisha haraka.

Mzee wa Valvu: Basi hita ya tumboni, ile inayopasha oili, inalala bila moto. Gesi inahamia kwenye oili usiku kucha. Ukiwasha, presha ya tumboni inashuka, gesi inachemka, pampu inavuta povu. Kompresa ya Dar nayo itaugua hivyo hivyo.

Mama Minofu: Tajiri mbahili huyo, hama kazi mdogo wangu.

Nahodha wa Kamanga: Hii chai. Swichi hiyo ikikata inabonyezwa kwa mkono na inakata tena. Hiyo mara ya tano ilitulia vipi?

Kijana wa Igogo: Siyo chai kaka. Swichi niliiruka kwa waya tangu Jumanne. Sangara walikuwa mezani wamepasuliwa, ningewaacha waoze? Leo jioni nimeutoa waya kwa sababu imeanza kugonga.

Mzee wa Valvu: Kugonga ndiyo ungeanza nako! Usiiwashe tena. Fungua chujio la oili: ukikuta chembe za chuma, beringi zimeliwa. Ukikuta safi, toa oili uliyozidisha, hita iwe na moto kwa muda wa masaa 12 angalau kabla ya kuwasha, kisha kagua valvu ya kupanulia gesi isije ikawa inarudisha gesi ikiwa bado majimaji kwenye kompresa. Kesho nunueni barafu.

Nahodha wa Kamanga: Samahani kijana, nilikuhukumu.

Kijana wa Igogo: Chujio lina chembe chache zinazong'aa, naweza kuzihesabu. Nimempigia tajiri, amegomba, kisha amekubali barafu. Meni nimewasha saa 5 usiku. Nimeweka kiganja chini ya kompresa hapa, bado ni ya baridi.