Land Cruiser mkonga linakula vumbi milangoni: nibadili raba zote au kuna kingine?

Mkonga_wa_Natron

Wakuu, habari za saa hizi. Nina Land Cruiser hardtop HZJ75 la mwaka 1994, injini 1HZ. Injini haina neno, shida yangu ni bodi. Njia yangu kubwa ni Mto wa Mbu kwenda Engaresero, na anayeijua anajua vumbi la kule: si lile jekundu la Karatu, ni la kijivu, laini kama unga wa sembe, halihitaji tundu kubwa. Mama mkwe nikimleta kliniki anakaa nyuma amejifunika kanga usoni njia nzima, na hilo ndilo limenifanya niandike. Masika nako maji yanatuama chini ya miguu ya dereva.

Raba za milango zimekauka, zimepasuka kwenye kona, na ya mlango wa dereva imelala bapa upande wa juu. Dukani nimeonyeshwa raba ya kukatiwa kwa mita, muuzaji anasema inaingia gari lolote. Zile za mlango kwa mlango zina bei mara kadhaa ya hiyo. Ya mita inafaa? Na kazi hii naweza kuifanya mwenyewe nyumbani?

OneTen_Iringa

Mkuu pole. Mimi natumia Land Rover 110, kwetu raba inavikwa kwenye ukingo wa bati la bodi, unasukuma kwa mkono tu mpaka inakaa. Ninachokushauri kabla ya yote, kagua sehemu ya chini ya milango. Yangu ina ngozi ya aluminiamu juu ya fremu ya chuma, na chuma kilikuwa kinaliwa na kutu kwa ndani bila kuonekana nje. Raba mpya juu ya bati bovu haishiki. Zile nyufa ndogondogo zilizobaki niliziziba kwa silikoni ya mrija, vumbi likapungua.

FundiBodi_Arusha

Mkonga, karibu sana. Kazi hii unaiweza kabisa nyumbani, ila raba usinunue kwanza.

Fungua mlango wa dereva nusu, ushike kwa chini upande wa kitasa, uunyanyue. Ukicheza juu na chini, pini za bawaba zimekwisha, na mlango uliolegea unashuka kwa nyuma. Ndiyo maana raba yako imelala bapa sehemu moja na pengine haiguswi kabisa. Ukiweka mpya juu ya bawaba hizo, nayo italala vilevile. Tengeneza bawaba, mlango ukae mahali pake, ndipo tuongee raba.

Halafu chukua kipande cha gazeti, fungia mlango juu yake, kivute. Kikitoka kwa ubishi, raba inabana. Kikitoka chenyewe, hapo ndipo vumbi linapita. Zunguka milango yote hivyo, kila shubiri, na weka alama ya chaki kwenye bodi. Utashangaa jinsi alama zinavyojikusanya sehemu chache.

Maji ya miguuni ni habari nyingine, usiyachanganye na vumbi. Mvua hupita kwenye kioo cha mlango ikaingia ndani ya mlango wenyewe, na hilo ni la kawaida, ndiyo maana chini ya mlango kuna matundu ya kutolea maji. Yakizibwa na matope maji hujaa humo, na kama ile nailoni iliyo nyuma ya ubao wa ndani imechanika, yanamwagikia sakafuni. Zibua matundu kwa spoku ya baiskeli, fungua ubao, bandika nailoni nzito mpya ukingo wote. Baada ya hapo mwagia maji kwa mpira, ukianzia chini na kupanda taratibu, mwenzako akiwa ndani anaangalia. Ukianzia juu hutajua yameingilia wapi. Yakianza pale tu unapofika kwenye kioo cha mbele, basi tafuta raba ya kioo na kutu iliyo chini yake.

Sasa swali lako. Raba ya mita siikatai. Ninachokataa ni neno "inaingia gari lolote". Kata kipande cha raba yako ya zamani mahali ambapo haijalala, nenda nacho dukani, ulinganishe ile sura ya ulipoikata: unene wa lile bomba lenye uwazi, na inavyoshika, kwa mdomo wa kuvika kwenye bati, kwa klipu au kwa gundi. Bomba likizidi unene mlango haufungi, watu wataanza kuubamiza, na kitasa kitakufa kabla ya raba. Likipungua haligusi. Libinye kwa kidole: la maana linarudi papo hapo. Likibaki na shimo, liache hapohapo kaunta.

Udhaifu wa ya mita uko kwenye kona. Ukiikunja kwa nguvu, bomba linavunjika na kufanya mkunjo, na mkunjo huo ni njia. Za kiwandani huja na kona zilizoumbwa. Kwa hiyo pesa ikiruhusu, agiza kwa namba ya chasi. Ikibana, anza na milango ya nyuma, si ya mbele. Gari la sanduku kama lako likitembea, nyuma yake hewa inapungua na vumbi ulilotimua mwenyewe linavutwa kurudi. Vumbi la mama mkwe wako sehemu kubwa linaingilia huko.

Kwenye kufunga, toa gundi ya zamani kwa kitambaa chenye petroli kidogo, usitumie thina, inakula rangi. Kutu piga msasa, weka praima, paka rangi, iache ikauke kabisa. Maungio ya raba yawe chini katikati, kamwe yasiwe juu. Anza na kona, kisha sukuma raba kuelekea katikati. Usiivute. Raba iliyovutwa inaingia vizuri na inapendeza siku hiyo, halafu inarudi kwenye urefu wake na kuacha pengo kwenye kona, nami huletewa magari ya namna hii kila kiangazi. Iache izidi upana wa kidole gumba, kisha ibanie ndani. Kama ni ya gundi, paka pande zote mbili, subiri iache kunata vidoleni, ndipo ubandike.

Mlango utakuwa mgumu mwanzoni. Sogeza nje kidogo kile chuma cha kwenye nguzo kinachoshikwa na kitasa, acha milango imefungwa usiku kucha, kisha rudisha ndani kidogo kidogo. Skrubu zake zimeganda, zimwagie dawa ya kutu mapema, na uzipige nyundo kwa bisibisi inayojaa vizuri, la sivyo utazila vichwa.

OneTen, kwa heshima, silikoni ya mrija kwenye milango hapana. Inaacha mafuta ambayo rangi wala gundi haishiki tena, na ile yenye harufu ya siki inachochea kutu kwenye chuma.

Dereva_Kaskazini

Naongezea la feni. Funga vioo vyote, weka hewa ya nje, si ile inayozunguka ndani, na feni izunguke kwa nguvu. Gari likijaa hewa, kwenye nyufa hewa inatoka badala ya vumbi kuingia. Ukikaribia gari la mbele, badilisha kwa muda hadi vumbi lake lipite.

Mkonga_wa_Natron

Fundi, nashukuru mno. Nimejaribu jioni hii. Mlango wa dereva unacheza kweli. Gazeti limetoka lenyewe juu ya mlango wa dereva, na nyuma pale milango miwili inapokutana, kuanzia juu mpaka chini. Hapo katikati raba inaonekana nzima, sasa kwa nini haibani? Na niipake nini hii isipasuke?

FundiBodi_Arusha

Angalia ule mlango wa nyuma unaotangulia kufungwa. Unashikwa juu na chini. Vishikio hivyo vikilegea, mlango unabaki umetoka nje kidogo, na mwenzake anapofunga hapati pa kukandamiza raba. Kaza au sogeza vishikio hadi mlango huo ulingane na bodi, halafu rudia gazeti. Huenda raba ya katikati usiinunue kabisa.

Kupaka, tumia silikoni ya kupulizia (si ile ya mrija niliyoikataa), au glisirini ya duka la dawa, kidogo kwa kitambaa, kwenye raba tu. Grisi, oili na mafuta ya mgando weka mbali, raba nyingi za milango huvimba na kulegea kwa mafuta ya petroli. Anza na bawaba za dereva. Pini ukizitoa, nipigie picha na vishimo vyake, tuone kama zinatosha pini mpya au bawaba nzima.