Tupeane uzoefu: siku uliposoma shairi lako kwa sauti mbele ya mtu mwingine

#1 MwanaMizani

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimetunga kimyakimya miaka mingi, daftari juu ya daftari, na kila nikisoma moyoni naona mambo yamenyooka. Siku nilipofungua mdomo ndipo nikajua kumbe sijui. Naomba tusimuliane: ulipoghani au kusoma kazi yako kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, ilikuwaje, na ukabadilisha nini baada ya hapo?

Naanza mimi. Niliombwa shairi kwenye mahafali. Nikatunga tarbia, mishororo minne kila ubeti, mizani (yaani silabi) minane ukwapi, ile nusu ya kwanza ya mshororo, na minane utao, ile nusu ya pili, vina nimevipanga. Nilihesabu kwa vidole usiku kucha. Safu ya mbele alikaa mzee mmoja anayejua mambo haya, anagonga goti taratibu kufuata mapigo yangu. Nilipofika kwenye "Mtoto wangu njoo hapa", kidole chake kikabaki hewani. Hakusema kitu, lakini mimi nilikiona kile kidole, na beti zote zilizobaki nilizisoma nikikitazama.

Baadaye akaniita pembeni: "Mwanangu, hiyo m ya mtoto ni mizani kamili. Hesabu tena." Nikahesabu: m-to-to-wa-ngu-njo-o-ha-pa. Tisa! Mimi nilikuwa naimeza ile m, naiunganisha na "to" kana kwamba ni silabi moja. Kumbe m ya mtoto, mdogo au mti hubeba pigo lake yenyewe, lakini kwenye mwalimu au mbali haijitegemei, inapanda mgongo wa silabi inayofuata.

Nilikaa na ule mshororo siku mbili, hautengenezeki. Siku ya tatu likanijia lile neno aliloniitia: "Mwanangu njoo karibu." Nane. Tangu hapo sihesabu kwa vidole tena, nahesabu kwa kutamka.

#2 BintiUtenzi

Ahsante kwa mada, mkuu. Mimi mhakiki wangu wa kwanza alikuwa bibi yangu, Mungu amrehemu. Hakujua kusoma wala kuandika. Tenzi alizijua kwa moyo, beti kwa beti, na ukimkatiza katikati hawezi kuendelea alipoachia, lazima arudi mwanzo wa ubeti, kama mtu aliyepotea njia akarudi njia panda.

Nikiwa na miaka kumi na tano nikamwandikia utenzi. Nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho mpaka ubeti wa sita, akasema, "Hapo kina kimeanguka." Nikabisha! Nikamwambia vina vyote vinaishia kwa a. Akaniambia nitamke polepole. Nikatamka: "pata", "leta", "taka". Akasema sikio lake linangoja "ta", mimi nampa "ka".

Mtu asiyejua herufi hata moja ndiye aliyenifundisha kwamba kina ni silabi nzima, si irabu ya mwisho peke yake. Na kwenye utenzi kosa halijifichi, maana mshororo una mizani minane tu, mishororo mitatu ya kwanza inavutana kwa kina kimoja, halafu wa nne unashuka kwenye kina cha bahari kinachorudi kutoka ubeti wa kwanza hadi tamati. Mwana Kupona, malenga wa zamani, alipomtungia binti yake wosia mwaka 1858 alitumia umbo hilihili, na nadhani najua kwa nini: ukitaka maneno yabaki kichwani mwa mtoto, mpe mahali pa kuyashika. Mimi namghania binti yangu usiku. Akisinzia, midomo yake bado inamalizia kina.

#3 Msomaji Mkimya

Dada #2, hapo kwa binti umenigusa sana. Naendelea kusoma.

#4 MstariHuru

Mimi natunga mashairi huru, yasiyofungwa na vina wala mizani, kwa hiyo naomba mnivumilie kidogo.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa mbele ya kikundi cha washairi wa kimapokeo. Nilipomaliza, mmoja akasema, "Hiyo ni insha iliyokatwakatwa." Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani sitaki hata kuiona kalamu. Ni ugomvi wa zamani, najua. Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974 mabishano yalikuwa makali kuliko hayo niliyoyaonja mimi, na Sheikh Amri Abedi alikuwa ameshaziandika sheria za utunzi tangu 1954, kwa hiyo kila upande ulikuwa na pa kusimamia.

Lakini baada ya wiki kadhaa, hasira zimepoa, nikaisoma tena kwa sauti peke yangu chumbani. Na kusema kweli yule bwana alikuwa na haki nusu. Mistari yangu niliikata palipoishia karatasi. Nilikuwa nimeandika:

*Mlango haukufungwa bali ulichoka kungoja*

Nikaisoma mara nyingi mpaka nikasikia pumzi inataka kusimama wapi:

*Mlango
haukufungwa.
Ulichoka.*

"Kungoja" nikaitoa, maana mlango uliochoka ulikuwa unafanya nini kingine? Ushairi huru haukuondolei kazi. Anayetunga kwa vina anaonywa na kina kikianguka, mimi sina wa kunionya isipokuwa pumzi yangu. Namshukuru yule bwana, ingawa kile kicheko sijakisahau.

#5 MwanaMizani

Mkuu #4, mimi ni mtu wa vina na mizani, lakini hilo neno "ulichoka" kukaa peke yake nimelisikia. Usiache.

#6 JinaTamatini

Yangu ni ya uchungu kidogo. Nilirekodi shairi kwa sauti nikalituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Baada ya miezi nikalisikia linasomwa hadharani na mtu mwingine, amejitambulisha kuwa mtunzi. Neno kwa neno langu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ukumbi, nikashindwa kusema lolote.

Nilichojifunza ni kile walichofanya wazee wetu tangu zamani: jitaje kwenye ubeti wa tamati. Lakini usiliweke jina katikati ya mshororo, mtu atachomeka lake lenye mizani sawasawa. Liweke kwenye kina, na chagua kina kinachoishia kama jina lako. Akitaka kulitoa itabidi avunje vina vya ubeti mzima na autunge upya, na mwizi wa mashairi hana subira hiyo. Pia tunzeni miswada yenye tarehe, hata ile iliyofutwafutwa. Hasa hiyo iliyofutwafutwa.

#7 KikombeChake

Nimesita sana kuandika hapa. Baba yangu alifariki, nikatunga shairi la maombolezo. Mshororo wa kwanza ulikuwa:

*Nimebaki peke yangu, machozi yamo machoni*

Beti zote utao unaishia -ni: moyoni, duniani, maishani, kaburini. Nilijiona nimefanya kazi kubwa. Nikamsomea dada yangu. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Machozi yangekaa wapi kwingine?" Halafu akasema, "Baba simwoni humu."

Iliniuma, lakini alisema kweli. Ile -ni inapatikana bure, unaibandika nyuma ya neno lolote la mahali na kina kimepatikana. Nilikuwa nafuata kina, baba nimemwacha nyuma. Nikajiuliza: tangu azikwe, mimi kila siku nafanya nini? Jibu likawa kwamba kila asubuhi nakiosha kikombe chake ambacho hakuna anayekinywea. Nikaanza upya:

*Nimebaki peke yangu, kikombe chake nasuza,
Nje kumejaa ukungu, ndani nako kuna kiza,
Sikuujua uchungu, nyumba inavyonyamaza,
Niambieni wenzangu, nani ataniliwaza?*

Nilipomsomea dada mara ya pili hakusema neno. Aliinuka, akaenda jikoni akakishika kile kikombe. Zaidi ya dada, ninyi ndio wa kwanza kuusoma ubeti huu.

#8 BintiUtenzi

Pole sana ndugu yangu. Huyo baba sasa namwona.

#9 MstariHuru

Pole. "Nyumba inavyonyamaza", hapo nimesimama kusoma kwa muda.

#10 Msomaji Mkimya

Sijawahi kumwonyesha mtu kazi yangu hata mara moja, na leo nilikuja kusoma tu. Lakini #7 ameuliza swali kwenye mshororo wa nne, na mashairi yetu yana desturi ya kujibizana: mtu akiuliza kwa ubeti, hujibiwa kwa ubeti, kwa vina vya huyohuyo aliyeuliza. Nimetamka kila mshororo kwa sauti kama #1 alivyosema, mlango nimeufunga. Naomba mnisahihishe.

*Pokea salamu zangu, mwenzio nakuliwaza,
Nilifikwa na machungu, mama aliponyamaza,
Sikutupa vyake vyungu, wala kimoja kuuza,
Leo kwa mkono wangu, kama chako navisuza.*

#11 MwanaMizani

Nimehesabu kwa kutamka. Kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita. M ya "mkono" umeipa haki yake. Karibu sana, usikae kimya tena.

#12 KikombeChake

Msomaji, nimeusoma kwa sauti, nikampigia dada nikamsomea. Ameniomba nirudie ule wa vyungu. Pole kwa mama.

Nimeanza ubeti wa kukujibu, ila utao wa mshororo wa tatu bado una mizani saba na sitaki kuujaza kwa neno lisilo na kazi. Nitauleta ukikaa sawa.