Tupeane uzoefu: kijana wenu alipozoea bangi, mliona nini?

Dada wa Mabatini
Habari za jioni ndugu zangu. Mdogo wangu ana miaka 19. Alianza kuvuta akiwa kidato cha pili, wakitoka shule wanapanda kule juu kwenye mawe na wenzake. Tukasema utoto, utaisha. Mwaka jana akaanza kudai redio ya jirani inamtaja jina. Akaziba dirisha la chumba chake kwa mifuko ya saruji, na chakula hagusi mpaka mama aonje kwanza. Baba akasema karogwa. Miezi minne tukahangaika na mganga Misungwi, mpaka usiku mmoja akaokotwa pekupeku karibu na reli.

Hospitali, daktari wa akili aliuliza kwanza alianza na umri gani na anavuta mara ngapi. Akatuambia ubongo unaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi, na anayeanza mapema akawa anavuta kila siku yuko hatarini zaidi kuchanganyikiwa, hasa kama ugonjwa huo upo kwenye ukoo. Mama akainama. Shangazi yetu alikuwa nao, na nyumbani hatumtaji.

Naombeni mwenye uzoefu aseme.

Mvuvi, Igombe
Pole sana dada. Mimi ni mtu wa dagaa, usiku kucha ziwani. Nilifundishwa kwamba msuba unaondoa baridi na woga wa maji, nikavuta miaka sita, misokoto mitatu minne kwa usiku. Kilichonipata ni kutapika. Asubuhi tumbo linasokota, natapika mpaka nyongo. Nimetibiwa malaria, vidonda vya tumbo, kichocho, wapi! Nafuu naipata nikijimwagia maji ya moto tu. Mke wangu alimaliza gunia la mkaa kunichemshia. Daktari mmoja kijana aliposikia habari ya maji ya moto akaniuliza hapohapo, "Unavuta bangi?" Kumbe ni ugonjwa unaojulikana, unawapata waliovuta sana kwa muda mrefu.

Niliacha. Wiki ya kwanza usingizi hakuna, jasho, hasira zisizo na sababu, ugali haushuki. Ya pili ikaanza kuachia. Huu mwaka wa pili sijatapika.

Boda Buzuruga
Ukishavuta unajiona dereva kuliko siku zote. Nilibeba mama na mtoto, nikaona daladala iko mbali kumbe iko puani. Mguu wangu una chuma mpaka leo. Yule mama alivunjika mkono. Mtoto alipona, namshukuru Mungu.

Mkerewe
Babu yangu kavuta mpaka kafa na miaka 80, akili timamu. Msitishe watu.

Dada wa Mabatini
Kaka, sibishani na babu yako. Wengi wanaovuta hawachanganyikiwi, daktari hakutuficha hilo. Lakini alisema walioanza wakiwa bado vijana wadogo, karibu mmoja kati ya sita anafika mahali hawezi tena kuacha. Mimi ningemjuaje wa sita ni nani? Yule wa kwetu alikuwa na miaka 15.

Mwalimu, Ilemela
Nilikuwa na kijana wa hesabu anayefika ubaoni sijamaliza kuuliza. Kidato cha tatu akawa anasoma swali moja mara nne, halafu ananiambia, "Mwalimu, tulikuwa wapi?" Nilidhani kiburi, nikamchapa. Mwenzake ndiye aliyeniambia kwamba kila asubuhi wanavuta kabla ya kengele. Wakati huo alishaacha shule. Ile fimbo bado inaniuma mimi.

Dada wa Mabatini
Asanteni. Wa kwetu anameza dawa, sauti zimepungua, bangi ana miezi mitatu hajagusa. Juzi ametoa mifuko ya dirishani mwenyewe, kabakiza mmoja. Anauliza kama shule watampokea. Mwalimu, au yeyote aliyewahi kumrudisha kijana darasani baada ya haya, mlianzia wapi?