Samaki wanaokula mwani wanaweza kusafisha ziwa letu?

MtuWaIgombe: Wakuu habari za leo. Niko Mwanza huku ziwani, maji ya ufukweni yamekuwa kijani kama rangi ya kupaka ukuta, ukichota ndoo ukaiacha kidogo inafunga utando juu na harufu yake ni kama majani yaliyooza. Nimesikia China walimwaga samaki wanaokula huo mwani na ziwa likasafika, sasa kwanini na sisi tusiletewe?

Bwana_Mabwawa: Ni kweli mkuu, hilo ni Ziwa Donghu pale Wuhan, walipandikiza samaki waitwao kapi wa fedha na kapi kichwa kikubwa kwa wingi sana na ukijani ukapotea mwaka 1985. Lakini Donghu halifiki hata kilomita za mraba 40, Victoria ni karibu 68,800! Halafu samaki akila ananya humohumo, mbolea inarudi majini, usipomvua ukamtoa hujapunguza kitu. Na kapi wa fedha anachuja pia vile vidudu vidogo vinavyokula mwani, kwahiyo mwani mdogo mdogo unampita na unabaki bila adui.

BintiMvuvi: Jamani samaki wanaokula mwani tulikuwa nao! Ngege chakula chake ni mwani, ukimpasua unakuta utumbo mrefu umejikunja kama kamba umejaa tope la kijani, na furu nao walikuwepo wa kila aina wakiwemo wanaokula mwani. Sangara anayekula samaki wenzake akaletwa miaka ya 50 na 60, kufika miaka ya 80 furu wengi wameisha, na ngege wa asili siku hizi kumpata ni kazi. Tena mnataka mgeni mwingine? Mimi nakataa kabisa, turudishe ngege kwenye mabwawa na malambo kwanza.

Bwana_Mabwawa: Nakuunga mkono dada, kwenye bwawa ngege au sato anasaidia. Ila ziwani shida ni maji taka na mbolea na udongo unaoshuka na mito kila mvua, hiyo ndiyo inalisha mwani. Na wewe wa Igombe, maji hayo msinywe hata mkichemsha, sumu ya huo mwani haiishi kwa moto.

MtuWaIgombe: Duh, hilo la kuchemsha sikulijua, nyumbani tunachemsha tukijua tumemaliza. Asanteni sana, kuanzia leo watoto wanachota kisimani hata kama foleni ni ndefu.