Kumtia nguruwe ugonjwa wa moyo makusudi ili tupate tiba: mnaona sawa?

Mkaazi wa Kinoo: Wadau, watafiti wa moyo humchukua nguruwe mzima, wanapitisha kiputo, yaani puto dogo la kuvimbishwa, kwenye mshipa unaolisha moyo, wanauziba saa nzima au zaidi mpaka sehemu ya msuli ife. Wengine humwekea kifaa kinachoukimbiza moyo wiki kadhaa hadi uchoke. Halafu wanamjaribia dawa na mashine. Vyuo vyetu vikitaka kufanya hivyo hapa Nairobi, tukubali?

Baba Hamisi, Eastleigh: Sioni shida. Moyo wa panya mdogo wa maabara unapiga mara 500 na zaidi kwa dakika, wetu 70 hivi, utalinganisha nini? Wa nguruwe unakaribiana na wetu kwa ukubwa. Isitoshe ni mnyama mchafu, nani atamlilia?

Mfugaji, Kikuyu: Mchafu nani? Nguruwe akipewa nafasi huchagua kona moja ya haja, akalala upande wa pili pakavu. Tope anajipaka kwa sababu jasho halimpoozi kama wewe. Banda likinuka, mlaumu mwenye banda.

Baba Hamisi: Nilisema kwa imani yangu, mzee.

Mfugaji: Imani hukuitaja. Ulisema hakuna wa kumlilia. Hao ndio waliosomesha wanangu.

Otieno, Kayole: Na yule Mmarekani wa Maryland mwaka wa 2022 aliyewekewa moyo wa nguruwe? Aliishi kama miezi miwili. Ungekataa, Baba Hamisi?

Baba Hamisi: Kuokoa roho kuna ruhusa yake. Usinitegee.

Wanja: Mmekazana na tope na swali limewapita. Mnyama anabanwa pumzi siku baada ya siku, mapafu yanajaa maji. Hata Sura ya 360 ya sheria zetu, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inataka leseni kabla ya majaribio ya namna hiyo. Marekani wenyewe mwishoni mwa 2022 waliacha kulazimisha dawa zipimwe kwa wanyama. Sisi ndio tunaanza?

Sista wa Usiku: Waliruhusu njia nyingine, hawakukataza wanyama. Na hiyo pumzi unayoisema naiona wodini. Mtoto wa darasa la sita halali chali, anaegemezwa mito hadi asubuhi. Ukimbonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo linabaki. Yeye utamhurumia lini?

Wanja: Sista, usinifanye adui wa watoto! Dada yangu aliugua moyo baada ya kujifungua, nimemwosha miguu hiyo hiyo. Lakini mtoto wako huenda alianza na koo tu, akakosa penisilini, vali, yaani vilango vya moyo, zikaharibika. Nguruwe wa kiputo ana mshipa ulioziba. Atamsaidiaje?

Sista wa Usiku: Usinifundishe penisilini. Sindano za kila mwezi nazidunga mimi, na siku zikikosekana natukanwa mimi.

Otieno: Hapo sasa! Dawa zinaishia wapi? Hilo ndilo la kujadili.

Mkaazi wa Kinoo: Jamani, niliuliza kuhusu nguruwe.

Mfugaji: Mimi wakija kununua wangu nitawauliza kwanza kama wana dawa ya usingizi. Bei baadaye.

Wanja: Mzee, dawa ya usingizi ni ya siku ya kiputo. Mimi nauliza zile wiki zinazofuata, moyo unapochoka naye yuko macho.