Ushauri: nimealikwa tena kuwinda kulungu Minnesota, nivaeje nisigande?

Wakuu habari. Niko Minnesota mwaka wa 3, mtoto wa Tanga, baridi naisalimia tu hatujazoeana. Novemba iliyopita jamaa wa kazini alinipeleka kuwinda, nikavaa kila nguo niliyonayo, tisheti 2 za pamba, sweta, koti kama godoro, tukapiga mguu nusu saa kwenye theluji nafika jasho linatiririka, tukapanda dungu la juu ya mti, hata dakika 20 hazijaisha meno yanagongana mpaka jamaa ananiambia we utafukuza kulungu. Saa 3 asubuhi nikaomba tushuke, aibu. Mwaka huu ninunue koti zito zaidi au?

Mzee wa Barafu: Koti halina kosa mkuu, kilichokugandisha ni jasho lako. Pamba ikilowa haikauki upesi, inakunyonya joto mwilini. Toa pamba yote mpaka boksa. Ya ndani kabisa iwe sufu laini au polista inayobana, juu yake flisi (lile sweta la manyoya laini), ya nje ya kuzuia upepo. Na lile godoro usitembee nalo, lifunge kwenye begi, ukishuka kwenye gari uwe unasikia kabaridi, ukijisikia raha jua umeshazidisha. Ukifika tulia kwanza, badili ya ndani kama imelowa, ndo ulivae.

Makete Damu: Mtu wa Tanga kwenye theluji 😂 si ungenunua nyama buchani

Dada wa Duluth: Miguu jamani! Mimi nilivaa soksi 3, buti likabana, damu haipiti, vidole ganzi siku nzima. Soksi moja nene ya sufu inatosha, buti liwe na nafasi ya kuchezesha vidole.

Mwenye uzi: Asanteni, kumbe nilijigandisha mwenyewe. Sasa koti langu ndo la orenji, nikiliweka kwenye begi si natembea kama kulungu?

Mzee wa Barafu: Hapo usicheze, kuna bunduki nyingi porini siku hizo. Nunua kizibao chepesi cha orenji, kipana, kiingie juu ya flisi na juu ya koti pia. Sheria ya huko inataka rangi kali, orenji au pinki, kichwani na juu ya kiuno. Halafu ule mkanda wa kujifungia kwenye mti upimie nyumbani ukiwa umevaa koti, kule juu gizani na glovu hutauweza.

Mwenye uzi: Pinki hapana wakuu. Kesho naenda kutafuta kizibao na soksi.